Nauli ya Kurudi: Kabla Hujaamua Kwenda Jeshini

Tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) likitoka, vijana hulisoma kwa macho ya njaa. Umri, elimu, jina la kambi, tarehe ya kuripoti, kisha moja kwa moja kwenye vifaa: bukta ya bluu iliyokolea, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini, fulana ya kijani ya kola ya duara isiyo na maandishi, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo ya baridi kwa watakaopangiwa kambi za baridi. Mama anatoka kwenda sokoni kusaka shuka. Fundi cherehani wa mtaani hahitaji hata kuelekezwa, maana bukta hiyo anaishona kila mwaka.

Kuna maneno mawili yanayorukwa. La kwanza ni lile onyo kwamba JKT halitoi ajira, wala halimtafutii mtu ajira katika vyombo vya ulinzi na usalama au kwingineko, bali linatoa mafunzo ya kumsaidia kijana kujiajiri mkataba ukiisha. La pili limejificha kwenye orodha ileile ya vifaa, jirani na soksi: nauli ya kwenda na kurudi.

Mimi niliyaruka yote mawili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilijitolea, nikatumikia miaka miwili, mkataba ukaisha, nikarudi nyumbani na begi lilelile na shuka moja. Ya pili iliibwa wiki ya kwanza. Jeshini sikuchukuliwa. Wenzangu wachache walichukuliwa, na mmoja wao leo ni sajinitaji mwenye watoto watatu na magoti mabovu. Sijutii, na sina kinyongo. Ila nilikwenda bila kuamua. Nilikwenda kwa sababu matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka, rafiki yangu anakwenda, na baba alichoka kuniona nimekaa barazani. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia barazani pale.

Kwanza tusiseme "kwenda jeshi" kana kwamba mlango ni mmoja. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 10, 1963, kulea vijana na kuwafundisha ulinzi na kazi za mikono. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa Septemba 1, 1964, baada ya askari wa Tanganyika Rifles kuasi Januari ya mwaka huo na jeshi lile lililorithiwa kwa wakoloni kuvunjwa. JWTZ ni kazi ya uaskari, yenye mshahara na cheo. JKT ni malezi yenye tarehe ya kumalizika.

Na ndani ya JKT kuna njia mbili. Wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Hapo huna la kuamua zaidi ya kufungasha: jina lako litatoka na kambi yako, utakaa miezi michache, utarudi kusubiri chuo. Mwenye ulemavu wa kuonekana hupelekwa Ruvu, Mlandizi, kwenye miundombinu inayomfaa. Wasiwasi wa miezi hiyo ni mkubwa kuliko miezi yenyewe, kwa hiyo sitaupoteza muda wako hapo.

Uamuzi mzito ni wa kujitolea. Unaomba kupitia ofisi za wilaya na mkoa unakoishi, unafanyiwa usaili, unapimwa afya, unasaini miaka miwili. Na kwa kuwa matangazo ya JWTZ ya miaka ya karibuni yanamtaka mwombaji awe amepitia JKT na kutunukiwa cheti, watu wameona kujitolea ni foleni ya ajira: ukishasimama kwenye mstari, zamu yako itafika. Foleni hiyo haipo. Cheti cha JKT kinakupa haki ya kuomba tu, na wanaoomba nacho ni wengi kuliko nafasi.

Ukitaka kuona jinsi tumaini hili linavyoweza kumgeukia mtu, kumbuka ukuta wa Mirerani. Vijana wa JKT walishiriki kuujenga, kilomita 24.5 kuzunguka migodi ya tanzanite, na ulipozinduliwa Aprili 2018 Rais Magufuli aliagiza vijana walioujenga waajiriwe. Furaha ya siku ile ilifika kila kambi. Waliokuja baadaye, nao wakafanya kazi za taifa kwa jasho lao, wakaanza kuhesabu kwamba ajira ni haki inayofuata jasho. Aprili 2021, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana 854 wamesitishiwa mikataba na kurudishwa makwao, baada ya kugoma na kutaka kuandamana hadi Ikulu kudai waajiriwe. Baadaye walisamehewa. Lakini hebu fikiria safari ya basi ya kijana yule, anashuka stendi ya wilayani kwao na begi, mtaa mzima umeshasikia redioni.

Kwa hiyo swali la kujiuliza, mdogo wangu, liulize ukiwa peke yako, usiku, simu imezimwa: kama ningejua kwa hakika kwamba baada ya miaka miwili ninarudi nyumbani bila ajira, bado ningekwenda? Jibu likiwa ndiyo, nenda, na lolote litakalokuja zaidi ya hapo ni nyongeza. Jibu likiwa hapana, basi unachotaka ni ajira, na lazima upige hesabu ya ajira. Hesabu yenyewe ni ya umri. JWTZ huweka ukomo wa umri kwa kiwango cha elimu, na kwa mwenye kidato cha nne ukomo huo ni miaka ya ishirini na kitu, tena ya mwanzo mwanzo. Anayeingia JKT na miaka 19 anatoka na 21, bado ana nafasi ya kuomba mara kadhaa. Anayeingia na 23 anaweza kutoka akakuta mlango umeshafungwa. Weka pembeni na ile nafasi ya chuo cha ufundi uliyoiacha, au lile genge la mama ambalo lingekuwa na umri wa miaka miwili sasa.

Nimekwambia JKT ni malezi. Acha nikuonyeshe yalivyo.

Filimbi inalia saa kumi alfajiri. Giza bado, umande umelowesha raba tangu jana na hazijakauka. Mnatoka mbio kujipanga, wa mwisho kufika anajua kitakachompata. Mchakamchaka unaanza, nyimbo zinapanda, na hapo nikiri: kukimbia gizani na watu mia mbili wanaoimba kwa pumzi moja ni jambo ambalo sijalipata tena mahali popote, wala harusini wala msikitini. Mkirudi kuna fatiki, yaani kufagia, kuchota maji, kupasua kuni. Kisha kwata, jua likiwa utosini. Ugali na maharage, kesho ugali na maharage. Wiki za mwanzo mwili unalia, mwezi wa pili unanyamaza.

Kilichonishinda hakikuwa mbio. Siku moja tuliambiwa tuhamishe rundo la mawe kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Tukabeba tangu asubuhi, mikono imechubuka, tukamaliza kwenye saa tisa. Afande akaja, akatazama, akasema, "Vizuri. Sasa yarudisheni." Jirani yangu, kijana wa Sumbawanga, alicheka mpaka akakaa chini, akainuka, akaokota jiwe. Mimi nikauliza kwa nini. Swali lile nililipia kwa kuruka kichura hadi jua lilipozama.

Leo naelewa kazi ya mawe yale. Jeshi lolote linahitaji mtu atakayetii kwanza na kuelewa baadaye, maana kuna siku hakutakuwa na muda wa kuelewa. Wapo watu ambao hilo linawafaa: akili yao inapumzika wakijua nani anaamua. Yule wa Sumbawanga ndiye sajinitaji wa leo. Wapo wengine, na mimi nimo, ambao kila amri inawakwaruza. Hakuna aliye bora, ila ujue wewe ni yupi kabla hujanyolewa kipara. Angalia ulivyokuwa shuleni mwalimu alipokuadhibu kwa kosa la mwenzako. Angalia unavyofanya baba akikutuma mara ya tatu jambo lilelile. Kisha jipe mwezi mmoja nyumbani: amka saa kumi kila siku, kimbia mpaka mji wa pili na kurudi, fagia uwanja wote, usiguse simu hadi jioni, na asiwepo mtu wa kukusifia. Ukishindwa kujiamrisha mwenyewe kwa siku thelathini, si dalili nzuri, ingawa wapo walioshindwa nyumbani wakaweza kambini kwa sababu ya wenzao.

Ukiamua kwenda, usikae miaka miwili ukisubiri. Baada ya mafunzo ya awali kazi ni nyingi: mashamba, mifugo, ujenzi, karakana. Wengi hukimbilia kazi nyepesi, ya getini au ya kutumwa ofisini. Kosa hilo. Jipenyeze kwa fundi uashi, kwa anayechomelea, kwa daktari wa mifugo, umshikie hata ndoo. SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, lina kampuni yake ya ulinzi inayowachukua vijana waliopitia JKT, na si haba. Lakini mimi kilichonilisha baada ya kurudi ni kufuga kuku, kazi niliyojifunza kwa koplo mmoja mkali ambaye alinifokea kwa mwaka mzima kuhusu unyevu wa maranda. Alikuwa na haki. Kuku hufa kwa maranda mabichi.

Sasa tuseme unautaka uaskari wenyewe. Mazuri yake unayaona mtaani: mshahara unaoingia kila mwezi, matibabu, heshima, mkopo wa benki unaopatikana haraka. Uaskari wenyewe ni kwenda unakopelekwa. Usiku wa Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, ilishambuliwa kwa saa kadhaa. Askari wetu 14 waliuawa usiku ule. Miaka minne kabla yake, Julai 2013, saba waliuawa Darfur, Sudan, wakiwa kwenye msafara. Mwaka 2024 watatu walifia mashariki mwa Kongo kwa kombora, na mapema 2025 wengine wawili. Siyataji haya kukutisha. Nayataja kwa sababu kila kijana anayesema "natamani kwenda misheni" anafikiria posho ya dola na nyumba ya bati jipya, na posho ile ina sababu ya kuwa nono. Mwambie mama yako neno Semuliki kabla hujaomba. Kama mazungumzo hayo huyawezi, bado hujaamua.

Kuna pia mambo madogo ambayo ndiyo maisha ya kila siku. Kuoa kuna taratibu na ruhusa zake. Uhamisho hauulizi mke wako anafanya kazi wapi. Msiba wa nyumbani unaweza kukukuta uko mahali ambapo huwezi kutoka. Katiba yetu, Ibara ya 147, inamkataza askari kujiunga na chama chochote cha siasa; kura anapiga, kadi hana. Wewe unayebishana siasa kijiweni na kuandika mtandaoni kila uchaguzi, pima kama ulimi wako utakubali. Na kazi hii haiachwi kwa kutoonekana Jumatatu. Ukiondoka bila ruhusa wewe ni mtoro, na utoro jeshini ni kosa lenye mahakama yake.

Mwenye elimu ya juu asikurupuke. Askari wa kawaida huanzia mafunzo ya kuruti, na Kihangaiko, kule Msata, ni jina ambalo kila aliyepita hulitamka akitabasamu upande mmoja wa mdomo. Afisa hupitia Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi, Monduli. Hayo ni maisha mawili tofauti kwa nyumba, kwa mshahara, kwa nani anampigia nani saluti hadi kustaafu. Nimewaona wenye shahada walioingia kama askari kwa haraka ya ajira wakidhani watapanda baadaye. Wengine walipanda. Wengine wana miaka kumi wanaamriwa na watu waliowazidi cheo kwa sababu ya mlango tu. Kama una taaluma ambayo jeshi linaihitaji, daktari, mhandisi, fundi wa ndege, soma tangazo linalokuhusu, maana hata ukomo wa umri wako ni mwingine.

Afya: jipime mwenyewe kabla ya kupimwa. Macho, kifua, ngiri, sikoseli. Na usifiche. Kambini kwetu kijana mmoja alificha pumu kwenye usaili, akaogopa hata kuja na dawa. Alianguka asubuhi ya tatu ya mchakamchaka, tukambeba mbio hadi zahanati, midomo imekuwa ya bluu. Alipona na akarudishwa kwao. Ingekuwa umbali wa kilomita moja zaidi, nisingekuwa naandika neno "alipona".

Kwa binti nina ushauri mmoja tu, kwa kuwa mengine siwezi kuyajua: mtafute dada aliyekaa kambini, si kaka yake wala mwalimu wake, yeye mwenyewe. Kaeni wawili. Muulize aliomba msaada kwa nani alipobanwa, na kama alisikilizwa.

Kwa jumla, chagua vizuri unayemuuliza. Jenerali mstaafu atakupa hotuba. Kuruti aliye kwenye likizo ya kwanza atakupa sifa, kombati zake bado zinanukia upya. Mtafute koplo au sajenti mwenye miaka kumi au zaidi, umkute siku ya mapumziko, na umuulize maswali yenye majibu ya namba: mwaka jana ulilala nyumbani siku ngapi? Ulikaa miaka mingapi kabla ya cheo cha kwanza? Mwanao wa kwanza alizaliwa uko wapi? Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, subiri. Ule ukimya usiukatize.

Nyaraka ziweke sawa mapema, zisije zikakuangusha kwa uzembe: kitambulisho cha NIDA, cheti halisi cha kuzaliwa, vyeti vya shule. Majina yafanane herufi kwa herufi. "Mohamedi" kwenye cheti kimoja na "Muhammad" kwenye kingine yamewarudisha watu nyumbani wakiwa na mbio nzuri kuliko mimi. Na barua ya maombi JWTZ wakisema iandikwe kwa mkono, iandike kwa mkono wako.

Nimeiacha pesa hadi hapa kwa sababu inaniuma. Mtaani kwetu kulikuwa na mtu aliyejulikana kuwa "ana mkono mrefu makao makuu". Mama alimpa laki tatu, pesa ya kikoba, ili nisikose nafasi. Miaka baadaye ndipo nilipoelewa biashara yake. Anachukua kwa vijana kumi. Hampigii mtu yeyote simu. Kati ya kumi, wawili au watatu watapata kwa sifa zao wenyewe, na hao watamsifu mtaa mzima. Waliokosa anawarudishia nusu, anasema nusu nyingine imeshaliwa na wakubwa, nao wanashukuru kwa hiyo nusu. Hajawahi kupoteza. Nafasi ya jeshi haiuzwi, fomu haiuzwi, na anayekutumia barua ya kuitwa kwenye mafunzo kwa simu akitaka "pesa ya usafiri wa faili" ni mwizi. Mpeleke polisi, hata kama ni binamu yako.

Wapo pia wanaokuja na habari za jeshi la nje, au kazi nono nje ambayo ukifika inageuka kuwa bunduki. Oktoba 2022 kijana Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa, alifia vitani Ukraine baada ya kukubali kujiunga na kundi la mamluki la Wagner ili aachiwe huru. Serikali ilisema wazi baadaye kwamba Mtanzania haruhusiwi kisheria kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Hapo hakuna la kupima.

Ukishapita kwenye haya yote na bado moyo unakwenda, basi nenda, na wala usimsikilize anayekuita mwendawazimu. Nywele zitaota. Raba nunua zilizokwisha kuvaliwa kidogo, mpya zitakutoa malengelenge. Shuka zitie alama ya uzi kwenye pindo.

Nauli ya kurudi mimi niliila mwezi wa tatu, maandazi ya kantini, nikaja kurudi nyumbani juu ya lori la mkaa, mweusi hadi kope. Wewe una nafasi nzuri zaidi. Iache kwa mama kwenye simu yake, na mwambie asiiguse, hata ada ya mdogo wako ikipungua.